Nyumba ya Bibi Romana Yahamia Uani

Dossi hakupenda neno kubomoa. Kwake yeye nyumba hufumuliwa, kama gauni linavyofumuliwa ili kitambaa kishonwe upya. Kazi hiyo ya kufumua nyumba kuukuu na kuuza vipande vyake alifundishwa na marehemu mumewe, na tangu afiwe, ua wake nyuma ya soko la Porto-Novo ulikuwa umejaa milango isiyoelekea chumba chochote na madirisha yaliyotazamana yenyewe kwa yenyewe. Mchana, joto likizidi, alitandika mkeka katikati yake akajilaza. Usingizini milango ile ilifunguka polepole, na watu asiowajua wakaingia na kutoka, wakicheka, wakiitana kwenda kula.

"Iko siku utaolewa na mlango wewe," wifi yake Kpossi alimtania kila alipomkuta amelala hivyo.

"Afadhali. Mlango haukoromi."

Mwaka ule mvua zilishuka kwa hasira, na ukuta mmoja wa ghorofa ya Bibi Romana ukaanguka. Ilikuwa nyumba ya zamani ya udongo mwekundu, yenye vigae na madirisha ya mvule. Bibi Romana alizaliwa humo na kuzalia humo. Sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akawa anatembea kwa kupapasa kuta. Mjukuu wake Sourou alikuja kutoka Cotonou akiwa ameshaongea na watu wa tingatinga: nyumba iangushwe, kifusi kikatupwe kando ya ziwa, kama walivyofanya wengine mpaka maji yakakosa njia na kuingia majumbani mwa watu wa bondeni.

Bibi akajifungia ndani. "Nizikeni na kuta zangu!" alipiga kelele dirishani.

Sourou alifika kwa Dossi akiwa amechoka. "Mama, najua unanunua madirisha. Yachukue yote, bure. Nisaidie tu kumtoa bibi."

Dossi alipobisha hodi kwa bibi, mlango ulifunguliwa kidogo, mkono mkavu ukamshika. Bibi Romana akamwongoza chumba kwa chumba, vidole vikiteleza ukutani. "Hapa mama alikuwa anakaa kunisuka. Hapa jua linaingia asubuhi, sikia lilivyo vuguvugu. Hapa mume wangu aliniambia ananipenda, kisha akaona haya akaenda kulisha kuku." Dossi alimfuata kwa kunyata. Aliona kama ameingia ndani ya ndoto ya mtu mwingine, akaogopa kukohoa asije akamwamsha.

Alipotoka alimwambia Sourou, "Sichukui kitu. Tuihamishe nyumba. Tuipunguze, ikae kule uani kwa bibi, ya chini, vyumba viwili."

"Na ule udongo ulioporomoka?"

"Tunauloweka, tunaukanda na majani makavu, tunafyatua matofali upya. Ukuta mnene vile hauhitaji hata feni."

"Ikianguka tena?"

"Iliangushwa na paa lililovuja. Safari hii tutaezeka vizuri."

Sourou alimtazama bibi yake aliyesimama kizingitini, amelaza shavu kwenye fremu. Akatoa simu, akawaambia watu wa tingatinga wasije.

Nyumba ikafumuliwa taratibu. Vigae vilishuka mkono kwa mkono, boriti zikalazwa kivulini, na wanawake wa mtaa wakaketi kunyoosha misumari huku wakisengenya. Vigae vilivyovunjika vilipondwa vikashindiliwa sakafuni. Kpossi alikuja kuleta akassa, ugali laini wa mahindi, na samaki, akasema haketi; jioni ilimkuta amepandisha kanga magotini, anakanyaga tope na kuimba.

Siku hizo Bibi Romana alikaa uani kwa Dossi. Alipapasa milango ya watu, akanong'ona, "Huu umebishwa hodi sana huu. Lazima alikaa mkunga." Kisha akasinzia mkekani, na Dossi, aliyeketi kando akisugua bawaba, hakuweza kujua ni nani kati yao anayeota.

Nyumba mpya ilipokauka walimwingiza. Alishika ukuta, ubaridi wa udongo ukamfanya avute pumzi. Alishika dirisha. "Wewe umekuja," aliliambia. Machozi yakamtiririka, naye hakuyafuta. Sourou alijifanya anakagua paa.

Kisha bibi akarudi mlangoni, na uso wake ukabadilika.

"Dossi! Umeupachika kinyume! Kitasa kilikuwa mkono wa kulia nikiingia. Maisha yangu yote!"

"Yesu wangu! Samahani, bibi. Nautoa sasa hivi."

Kpossi akaangua kicheko hadi akashika mbavu. Dossi alileta bisibisi, akalegeza bawaba, akauegemeza mlango ukutani. Upepo wa ziwani ukapita katika uwazi ule, ukavuka chumba, ukatokea dirishani. Bibi Romana alijishusha polepole kizingitini, akainua uso, akafumba macho.

"Acha kwanza," alisema. "Utaurudisha jioni."

Dossi akaweka bisibisi chini, akaketi karibu naye.