Mtihani Usio na Majina

Ofisini walimwita Shangazi, naye aliitika, ingawa hapakuwa na mtoto wa kaka yake hata mmoja pale. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Programu ya miadi ya wagonjwa, inayotumiwa na hospitali thelathini, aliiandika yeye, wakati wenzake wengi bado wakifundishwa kufunga kamba za viatu.

Mwaka huo kampuni ilitafuta kiongozi wa timu mpya. Ili kusiwe na upendeleo, waombaji wote walipewa kazi moja: kutafuta kosa lililofichwa ndani ya programu na kulirekebisha. Majibu yalikusanywa kwa namba, bila majina. Shangazi alifurahi kama mtoto. Siku hizi mvi zake ziliingia kikaoni kabla yake. Safari hii zingebaki mlangoni.

"Shangazi naye yumo?" alitania Umeme, kijana aliyepewa jina hilo kwa kasi ya vidole vyake. "Utahitaji miwani mbili!"

"Tafuta na yako, mwanangu. Utaisomea namba ya mshindi."

Ijumaa meneja alisimama mbele ya wote. "Namba saba! Kazi safi, sijawahi kuona. Huyu ndiye tunayemtaka. Asimame!"

Shangazi akasimama.

Mtu mmoja alipiga makofi mawili, akajikuta peke yake, akaacha. Meneja aliitazama karatasi, akamtazama mama huyu, akairudia karatasi.

"Ah, Shangazi! Hongera sana. Hebu tuongee pembeni."

Pembeni akaambiwa kwamba timu inahitaji damu changa, kazi yenyewe ina mikikimikiki, na kwamba yeye anaheshimiwa mno. Heshima gani hiyo, inayompora mtu haki yake huku ikimpa mkono? Kiti akapewa Umeme, aliyeshika nafasi ya nne.

Jumatatu Umeme akaja mezani kwake, macho chini. "Samahani, Shangazi. Kile kipande ulichokiandika kwenye mtihani… kimenishinda."

Angeweza kumwambia akamuulize aliyemteua. Lakini nyumbani kulikuwa na binti wa chuo na mume mgonjwa. Akamweleza mstari kwa mstari.

"Asante. Na… meneja amesema uniandikie yote unayoyajua kuhusu programu ya hospitali. Kabla mwezi haujaisha."

"Mwezi ukiisha kuna nini?"

Umeme akakwaruza ukingo wa meza kwa ukucha.

"Kumbe," alisema Shangazi, "hata hilo umeambiwa wewe kwanza."