Siku Niliyomficha Dada

Dada yangu alinisindikiza mpaka kituo cha mabasi cha Lille saa kumi na mbili asubuhi, akaniombea palepale mbele za watu, mkono wake juu ya kofia yangu, kwa sauti iliyowafanya Wafaransa wawili waache kuvuta sigara zao. Aliiombea barabara, akamwombea dereva, akamwombea hata atakayenipokea London, ingawa nilikuwa nimemwambia hakuna wa kunipokea. Kisha akatazama saa, akanikumbatia haraka, akakimbilia metro. Alitakiwa kuingia kazini saa moja, kusafisha ofisi, na bosi wake hana mzaha na wachelewaji.

Tulikuwa hatujaonana miaka kumi na moja. Tulitoka Uvira, kule Kongo, kila mtu kwa njia yake. Yeye makaratasi yakampeleka Ufaransa, mimi yakanileta Uingereza, na tangu hapo tumekuwa ndugu wa simu. Nilipopata pasipoti, jambo la kwanza nililofanya ni kukata tiketi ya kwenda kukaa kwake siku tatu. Tuliongea mpaka koo zikakauka. London watoto wangu hunijibu kwa Kiingereza, na wazee ninaowatunza majumbani mwao hawajui hata Uvira iko upande gani wa dunia. Kiswahili cha kwetu nimebaki nacho kwa mtu mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa ameshatokomea kwenye ngazi za metro.

Dakika kumi baadaye wakatangaza kwamba theluji imefunga barabara ya bandarini, tunakovukia bahari. Basi letu la saa moja lingeondoka saa kumi na moja jioni.

Nilifurahi, jamani. Siku nzima ya bure! Nikatoa simu nimpigie, halafu kidole kikasita. Anakaa chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Siku zote tatu alinilaza kitandani, yeye akalala chini kwenye kigodoro chembamba, na kila asubuhi nilimwona akishika ukingo wa meza ili magoti yakubali kumwinua. Nikimwambia bado nipo, ataacha kazi aje. Akiacha kazi, watamfukuza. Isitoshe, nilikwisha kuagwa. Kwetu msafiri akishaombewa harudi mlangoni. Mama yetu akigundua amesahau kitu alisimama nje ya uzio, akaita aletewe hukohuko.

Nikamwandikia kwa lugha ya kwetu, ambako dada mkubwa ni yaya: "Tulishatoka, yaya. Usikuwe na mashaka." Akanijibu kwa picha ya viganja viwili vinavyoomba.

Basi nikawa mtalii. Nilizunguka uwanja mkubwa wa mji, theluji ikilialia chini ya viatu, nikikodolea macho nyumba zao za matofali zilizochongwa mapambo mpaka juu ya paa, kana kwamba mafundi walikatazwa kuacha hata sehemu moja tupu. Hapakuwa na mzee wa kumwamsha wala wa kumpa dawa, wala simu ya ofisini kuniuliza kama naweza kuongeza zamu. Niliagiza kahawa nikakaa nayo dirishani saa nzima, jambo ambalo London sijawahi kulifanya hata siku moja. Mhudumu alinisemesha, nikamjibu kwa Kifaransa changu cha shule ya msingi, akanielewa, nikajiona mtu. Nikatamani kumsimulia mtu ushindi wangu huo, lakini meza ilikuwa yangu peke yangu.

Baridi iliponizidi nikaingia metro kujipasha moto. Metro ya Lille haina dereva. Mbele kabisa kuna kioo kikubwa, na ukiwahi kiti cha pale unaona reli yote ikikujia. Dada alitaka kunionyesha, muda haukutosha. Nikakaa pale, mwanamke wa miaka arobaini na saba, nimelishika begi kama usukani, nikicheka peke yangu. Kumbe nilikuwa nimepanda ile inayoelekea kwake. Kituo chake kilipotajwa nikainama, nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi, nikiogopa asije akawa anatoka kazini. Milango ikafunguka, ikajifunga. Nikaenda mpaka mwisho wa njia, nikarudi, nikapita tena. Nilipita pale mara nne. Mara ya nne sikuinama. Nilisimama mlangoni kabisa nikitamani anione, anivute sikio, anipeleke nyumbani. Nililia, sioni sababu ya kukuficheni, na msichana mmoja akanipa karatasi ya kufutia pua bila kuniuliza neno.

Jioni nikapanda basi. Kesho yake nilikuwa Walthamstow, mtaani kwetu London, kazini kama kawaida.

Jumamosi alinipigia nikiwa sokoni. Soko letu ni refu, nami nikiongea na dada hulitembea lote toka juu mpaka chini.

"Nikuambie kitu, usinicheke," akasema. "Siku ile ulienda, sikuingia ku kazi. Nilifika kwa mulango, nikaona ile theluji, nikasema basi haitafika, watanirudishia mudogo wangu. Nikapigia bosi, nikamudanganya niko mugonjwa. Nikarudia nyumba, nikapika sombe, yetu ile ya majani ya muhogo. Unaona nimezeeka vibaya? Ulishaniandikia ati mulitoka, na mimi niko tu kwa dirisha siku muzima, nawaza labda mutarudilia njiani."

Watu walinipita na mifuko yao, mmoja akanigonga bega akaomba radhi. Ningeweza kucheka naye, yakaisha.

"Yaya," nikasema, "nilikuwa hapo."

"Hapo wapi?"

"Ku Lille. Mupaka jioni. Nilipita ku kituo chako mara ine. Niliogopa utaacha kazi juu yangu."

Nikasubiri matusi. Dada yangu anajua kutukana, na siku ile ningeyapokea yote kwa shukrani. Hayakuja. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni:

"Na ile baridi yote, ulikula nini?"

"Mukate."

"Nilikuwa nimeweka sahani mbili," akasema, akakata simu.