Ukimtoa Huyo, Nini Kinaanguka?

Mwanangu, nakumbuka alasiri moja ya mvua hapa mtaani kwetu Cimpunda, wanaume wamebanana chini ya turubai la matanga ya mama yangu, wakigombania jambo ambalo halikuhusu kifo hata kidogo: ni nani binadamu mkubwa kuliko wote waliowahi kuzaliwa.

Nimeikumbuka juzi, niliposikia ninyi vijana mkishindana mlangoni kwangu kwa swali hilohilo, kila mmoja na simu mkononi, huyu akimtaja mchezaji wa mpira, yule akimtaja tajiri wa ng'ambo. Sikuwakatiza. Nilikuwa jikoni nasonga fufu, ugali wetu wa muhogo, nikapunguza mwiko ili nisikie vizuri. Swali hilo ni rafiki yangu wa zamani. Ndilo lililoamua maisha yangu, na mpaka leo sijalipatia jibu.

Baba alikuwa ametangulia. Mama alipomfuata, mimi nilikuwa msichana wa sekondari, mtoto wa kwanza. Nyuma yangu alikuwa mdogo wangu Bahati, na nyuma yake Neema, ambaye wakati huo alikuwa halali mpaka apewe kitenge cha mama akishike. Unajua desturi yetu: matanga hayavunjwi mpaka familia ikae na kupanga mambo ya aliyeondoka, na katika mambo hayo hakuna lililo zito kama watoto. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kikao. Nilikwisha kusikia kwa wanawake, penye masufuria, namna tutakavyogawanywa. Bahati angekwenda Luberizi kwa Tonton Zihalirwa, mdogo wa baba, mkulima wa mpunga. Neema angekwenda Walungu kwa shangazi yetu. Mimi ningebaki mjini kwa mama mmoja wa parokia, niendelee na masomo.

Haukuwa mpango mbaya. Kila mmoja wetu angekula na kulala pakavu. Lakini moyo wangu ulikataa, na sikuwa na neno hata moja la kuusaidia.

Kikao kilikuwa kinamngojea shangazi, maana barabara ya Walungu ikilowa, gari hulala kwenye matope. Na watu wakikaa matangani bila kazi, huzungumza chochote, mradi kimya kisiwakute. Ndipo Papa Deo, jirani yetu, mwalimu, akaanza.

"Mie nasema mukubwa wa bote ni ule alileta umeme."

"Umeme gani?" Tonton Zihalirwa akamrukia. "Ule wenye ulikatika kwako tangu juzi?"

Watu wakacheka. Kucheka matangani si dhambi kwetu.

"Mukubwa ni mutu wa vita," Tonton akaendelea. "Ule wa zamani mwenye aliunganisha mainchi mingi ikakuwa moya."

"Aliunganisha ao aliua?"

"Byote mbili!"

Mama mmoja aliyekuwa anapita na sahani akasimama. "Na hao bakubwa benu, nani alibazaa? Balianguka na mvua?" Akaenda zake bila kungoja jibu. Papa Deo akasema Bwana Yesu asitajwe, maana yeye ni Mungu na mashindano yangekwisha hapohapo. Wote wakakubali, wakaendelea kupigana.

Pembeni alikuwa Koko Cirhuza, mjomba wa baba, mkubwa wa kikao. Alikuwa na fimbo ambayo kila mara aliinua kusukuma turubai pale maji yalipojaa juu, yakamwagika nje. Alisukuma, akasema:

"Munataja majina tu, sawa batoto banaona motokari banapiga kelele. Hapana vile. Ukishataja mutu, umutoe kwa dunia. Halafu uangalie: nini inaanguka?"

Walijaribu. Walimtoa yule wa umeme, na Papa Deo mwenyewe akakiri, kwa shida, kwamba pengine angetokea mwingine baadaye. Walimtoa mtu wa vita, na Tonton akajipiga paja: "Ah! Ule, mwenzake angetoka keshoyake asubui!" Nilikuwa nimesimama na birika la chai, nimesahau kumimina. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kutolewa duniani kwa mawazo, kama unavyotoa jiwe moja la mafiga, ukaona sufuria inafanya nini.

Nikasema, bila kuombwa: "Mukubwa ni mama yangu."

Wanaume wakatazama vikombe vyao. "Kweli, mutoto," alisema Papa Deo. "Kweli kabisa." Na mazungumzo yakafa.

Koko hakufurahi. Aliweka fimbo chini. "Hapana. Hiyo ni jibu ya machozi. Umefunga batu kinywa. Nani atabisha na yatima kwa matanga ya mama yake? Yatima hadeki, mutoto. Kama mama yako alikuwa mukubwa, leta sababu."

Mwanangu, maneno yale yaliniuma. Nilitaka kuliacha birika palepale nikimbie. Lakini swali lake lilikuwa limekwisha kuniingia, na swali likikuingia halikuachi. Mama ametolewa, nikajiambia. Hakuna haja ya kuwaza, ametolewa kweli. Basi kimeanguka nini? Paa lipo. Chakula kipo, watu wanakula. Nikatazama upande wa mlango. Neema alikuwa na sahani ya maharage mapajani, haigusi. Bahati akanyoosha mkono, akaonja kidogo, akamrudishia. Ndipo Neema akaanza kula.

Unajua kwetu mtu hampi mgeni kinywaji kabla hajakionja mwenyewe mbele yake, ajue kwamba ni salama. Mama alifanya hivyo na sahani za watoto wake, kwa mchezo, kila siku. Nilikuwa sijaona kwamba Bahati ameichukua kazi ile.

"Koko," nikasema, "mama alikuwa anaonja chakula cha Neema. Sasa Bahati njo anaonja. Neema hakule kama Bahati hayaonja. Na Bahati, tangu tulizika, hasemi na mutu, anasema na Neema tu."

Mzee akaokota fimbo yake. Hakunisifu. "Ile ni sababu," alisema. "Iko mufupi, lakini ni sababu."

Shangazi akafika, miguu imejaa matope mpaka magotini, akalia, akanawa, akakaa. Kikao kikaanza. Tonton akaeleza mpango, na sauti yake ilikuwa ya upendo. "Kwangu mutoto atakula muchele kila siku."

Kwa kawaida mtoto hafungui kinywa penye wakubwa. Koko akanigongea fimbo chini. "Huyu iko na neno."

"Tonton, aksanti," nikasema. "Najua atashiba. Lakini mukitoa Bahati kwa Neema, nini inaanguka?"

Tonton akamgeukia shangazi.

Shangazi ndiye aliyejibu, na hakunihurumia. "Na weye? Nani atabapikia, nani atabatafutia? Ukijitoa kwa masomo, nini inaanguka?"

"Masomo yangu, shangazi. Itaanguka. Naiona."

Mwisho waliamua tukae watatu mpaka mavuno ya maharage, Tonton alete mchele, shangazi awe anakuja kututazama. Mavuno yalipofika, hakuna aliyekumbuka kuuliza.

Sikudanganyi kwamba ilikuwa nyepesi. Wahenga walisema ukubwa ni jaa: kila takataka hutupwa juu yako. Niliuza makaa na ndizi kule Kadutu, na kwa muda mrefu nilizunguka njia ya mbali nisisikie kengele ya shule yangu. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, nami nilitaka kuwa fimbo ya karibu.

Tangu hapo, kila tukitoka misa ya ukumbusho wa mama, sisi watatu hula pamoja, na kila mmoja huleta binadamu wake mkubwa. Sheria ni moja: mama haruhusiwi. Mwaka mmoja Bahati alimleta mtu wa kwanza aliyeroweka muhogo mchungu. Alijuaje kwamba maji yatatoa sumu? Nani alikula kabla yake akafa? Alikuwa mwanamke? Tulibishana mpaka fufu ikapoa.

Mwaka jana Neema, ambaye sasa ana watoto wake, alisema: "Mie naleta Yaya." Ndivyo wanavyoniita, mimi dada yao mkubwa.

Nikamwambia, "Hiyo ni jibu ya machozi. Mimi ukinitoa, nini inaanguka? Ungekomaa kule Walungu. Shangazi alikuwa mwema."

"Kweli, Yaya. Ningekula, ningesoma, ningekomaa. Pengine kupita hivi." Akafikiri. "Lakini mie na Bahati tungekuwa tunaonana kwa matanga tu, tunapeana mukono sawa bageni."

"Ile ni sababu," nikamwambia. Bahati akanyoosha mkono kwenye sahani ya Neema, akamega kidogo, akaonja, akamrudishia.

Basi mwanangu, bishaneni, wala msione aibu. Kuuliza si ujinga. Lakini jina kubwa lisikutoshe. Mtoe mwenye jina, uone kama mahali pake patabaki wazi, au kama mwingine angetokea kesho yake. Usijibu kwa machozi, hata kama machozi ni ya haki. Na ukishamaliza kuwapima watu wa dunia, ligeuze swali, ulilete nyumbani: hapa tulipo, nani akitolewa, nini kinaanguka? Ukishaona, shika hapo, na ujue mapema kitakachoanguka kutoka mkononi mwako wewe.

Mungu akulinde na mvua na njia za matope. Usikose mtu wa kukuonjea, wala mtu wa kumwonjea.