Mafuta ya Maombi Shingoni mwa Gitaa

Nikinusa mafuta ya zeituni, hata ya kwenye kachumbari, narudi Kasulu, darasa la tano, kwenye swali lililoninyima usingizi: nani alikuwa akilegeza gitaa la baba? Usinicheke. Mpaka leo, na shahada yangu, mtu akinijibu "sawa" tu kwenye simu nakesha nikiwaza nimemkosea nini.

Lilikuwa gitaa la umeme la kwaya, jekundu, na baba ndiye aliyelipiga. Shingoni, karibu na kichwa, lilikuwa na vibanio vya chuma vya kushika nyuzi zisiteleze. Baba alizikaza vizuri kabla ya ibada, lakini wimbo wa pili ulipofika gitaa lilishalia kama mbuzi aliyesahauliwa mvuani. Watu wakanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Basi kila Jumapili nilibeba kichupa cha mafuta, Mama Mchungaji akaliombea gitaa na kulipaka, hasa pale shingoni penye tatizo. Likazidi. Maombi yakaongezwa, na mafuta pia.

Macho yakamgeukia Desire, mpiga besi, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo ya vyombo. "Kikulacho ki nguoni mwako," mama alisema akichambua maharage, bila kutaja jina. Wazee wa kanisa walikuwa wameamua: gitaa likiharibika tena, Desire anatoka kwenye kwaya. Mimi nikajipa kazi ya kumpeleleza.

Jumamosi nilimkuta stoo, vibanio vimefunguliwa mezani, tupa mkononi. Nikajua nimemkamata.

"Usisimame mlangoni kama polisi, mwana wanje," alisema bila kugeuka, akiniita mwanangu kwa Kirundi. "Njoo uguse."

Nikagusa. Nyuzi zilikuwa zimechimba mifereji kwenye chuma, na kidole changu kilitoka kinateleza, kinanukia Jumapili.

"Mbona huwaambii wazee?"

Alicheka kidogo. "Mimi? Niwaambie mafuta ya maombi ndiyo yanaharibu?" Akasugua chuma kwa tupa mpaka kikawa bapa, akafuta kila kitu kwa kitambaa, akavirudisha vibanio.

Nilikuwa mtu mzima nilipokielewa kicheko kile. Anayeshukiwa hawezi kusema hata jambo la kawaida. Likitoka kinywani mwake linageuka ushahidi. Siku ile nilielewa jambo moja tu, kwamba kesho yake kichupa kingekuwa mikononi mwangu. Niliwaza kukificha, kukivunja, hata kujifanya mgonjwa.

Mama Mchungaji aliponyoosha mkono, nilikuwa bado nimekikumbatia.

"Mama, gitaa limeshapakwa sana. Leo tuwapake wapigaji."

Alinitazama kama anayetafuta nani kanituma. Kisha akakichukua, kizibo kikabaki mkononi mwangu, akampaka baba kwenye paji la uso, akataka kukifunga.

"Na Kaka Desire," nikasema, nikakataa kumpa kizibo.

Akampaka. Wimbo wa pili ukapita, na wa tatu, nyuzi zikiwa mahali pake. Mimi kizibo bado nilikuwa nimekishika.