Samaki Waliochomwa Rangi

Mume wangu alipostaafu polisi, daktari alimwambia presha yake ingeshuka kama angepata kitu cha kumtuliza. Akaenda Kasese, akarudi nyumbani Bwera na tangi la kioo, pampu ndogo ya hewa na samaki sita wadogo. Miili yao ilipitisha mwanga hata ukaona miba ndani. Kila mmoja alikuwa na mstari mgongoni, wengine wa waridi, wengine wa kijani. Majirani walikuja kutazama, na mzee akawa anawapokea kama mwenye harusi.

Mimi nilikuwa nesi, na miaka mingi kazi yangu ilikuwa chanjo. Siku ya tatu nilivaa miwani nikasogea karibu na tangi. Kila samaki alikuwa na vidoa viwili au vitatu karibu na mstari, mahali palepale kwa wote. Mmoja alikuwa amevimba hapo. Uvimbe ule niliujua. Hutokea sindano ikichomwa vibaya. Kesho yake alikufa, na kabla ya Jumapili mwingine akamfuata.

Nilipopata safari ya Kasese nilipita kwenye duka walikonunuliwa. Mwenye duka ni mama kutoka Butembo, upande wa pili wa mpaka, anayeuza chakula cha kuku, na samaki hao pembeni. Hakunificha. Alisema wanaletwa kutoka Kampala, na huko wanafika kutoka ng'ambo wakiwa wameshachomwa rangi, mmoja mmoja, kwa sindano.

"Batu banapenda rangi, mama," alisema. "Ile ya kawaida habaiangalii hata."

Nilimweleza kazi niliyofanya. Nimechoma watoto wengi, wakalia, na mama zao wakanitazama kwa uchungu.

"Lakini kila mama nilimwambia mtoto wake anachomwa kwa nini," nikasema. "Huyu samaki ningemwambia nini?"

Akafunga mfuko wa pumba. Kisha akasema, "Ni juu ya kufurahisha macho yetu tu."

Nyumbani mzee hakukubali upesi. Aliniuliza mbona tunakula samaki wa ziwani, nao wanauawa kabisa. Nikamjibu kwamba wale tunakula kwa njaa. Akasema si kila siku tunakula kwa njaa. Nilimwambia tu kwamba sitaki mwingine achomwe kwa ajili ya sebule yangu.

Miezi ilivyopita rangi ikaanza kufifia, mstari wa waridi kwanza. Mzee alitaka kununua wengine wenye rangi mpya. Nilimwomba asubiri, naye akasubiri, akinung'unika. Mwishowe wale wanne wakabaki weupe kama maji, wazima, wanakula vizuri.

Nilipopita tena Kasese, yule mama aliniambia ameacha kuagiza wa rangi. Wa kawaida wanatoka polepole, alisema, lakini wanatoka. Nilinunua wawili, nikasafiri nao mapajani hadi Bwera.

Sasa mzee huwalisha asubuhi, halafu anavuta kiti. Amegundua kwamba akitulia anaweza kuona chakula kikishuka ndani ya tumbo la samaki. Huniita nikaone. Mara nyingi nafika kimeshashuka, lakini nakaa naye hata hivyo, chai yangu mkononi, tunamngoja mwingine ale.