Udongo wa Mwisho wa Mikuyuni

Jua la asubuhi limeshapanda juu ya Mto Tana, na Alice Changawa amepiga magoti ukingoni mwa Mikuyuni, kisiwa kidogo kinachotazamana na Ngao. Anachimba udongo, anauonja kwa ncha ya ulimi, anakunja uso. Una mchanga. Anaujaza kapuni hivyo hivyo, maana ndio uliobaki. Nyuma yake kima wanagombania makuyu kana kwamba hakuna msiba.

Msiba upo. Gharika ya mwaka jana, 1957, ilikimega kisiwa, ikaondoka na mikuyu mingi na makaburi ya wafinyanzi, la mama yake Alice likiwemo. Kilichobaki, mbuzi wawili wangekimaliza kwa siku moja.

"Hapa hapakatwi mti tangu enzi za mabibi zetu," asema. "Mizizi ilishika udongo, udongo ukatulisha."

Kulisha kwenyewe kwa kiasi, mfinyanzi hulia gaeni. Siku hizi wateja nao wamehamia sufuria za madukani.

Lakini mtungi atakaoufinyanga kwa udongo huu si wa kuuza. Binti yake, Hawa, ni mjamzito. Desturi ya nyumba yao ni mtoto kuogeshwa mara ya kwanza kwa maji ya mtungi mpya, ambao udongo wake umechanganywa na vigae vya mtungi wa zamani vilivyosagwa. Kila mtungi una mwenzake ndani, kurudi hadi kwa watu wasiokumbukwa majina.

Kwa hiyo Alice akauvunja mtungi aliofinyanga mama yake. Ulikuwa wa mwisho.

"Mama, ungeuacha," Hawa alimsihi. "Maji ya debe nayo ni maji."

"Na mtoto atajuaje ametoka wapi?"

Siku ya kuchoma ilipofika, mtungi mpya wa udongo ule ulipasuka motoni. Mchanga. Alice aliketi kando ya majivu akalia, na Hawa akalia naye. Kisha Alice akaokota vigae vyote, hata vile vidogo kama kucha, akavifunga kwenye leso.

"Vigae ninavyo," asema sasa, leso ikiwa mapajani. "Udongo ndio sina."

Maji yakipungua atashuka na mtumbwi kuelekea Kipini, akionja kila ukingo. Hawa anamwambia hatarudi kabla ya mtoto kuzaliwa.

"Basi ataogeshwa mtoto wa pili," Alice anajibu. "Mto haumezi, mwanangu. Huchukua huku, ukaweka kule. Mama yangu yuko mahali huko chini. Nikimwonja, nitamjua."