Ngozi ya Ndama

Msichana wangu wa mwisho alikuwa anauza mitumba Tuwan, huko Kitale. Mwaka mmoja kabla hajafariki alienda Endebess akaninunulia ng'ombe, akamleta kwangu karibu na Kibabii kwa pikapu. Nilitarajia gredi, yule ng'ombe mkubwa wa kizungu wa madoadoa. Akashusha kitu kifupi, chekundu, kina nundu.

"Huyu ni ng'ombe ama mbuzi?" nikamuuliza.

"Mama, shamba lako ni nusu ekari. Gredi atakula mpaka paa la nyumba. Huyu ni chotara, kupe hawamwezi, mpe mabua tu."

Alisema kweli. Lakini ana damu nyingi ya kienyeji, na ng'ombe wa kienyeji hateremshi maziwa kama ndama hayuko mbele yake.

Mwaka huu msichana wangu alifariki. Sitaeleza. Tulimzika hapa nyumbani, na mtoto wake wa miezi tisa akabaki na mimi. Alikataa uji. Alitaka titi. Kitu pekee alichomeza ni maziwa ya huyo ng'ombe, tena kwa kijiko, tena kidogo. Mbavu zikaanza kuonekana.

Wiki ya pili, asubuhi, nikamkuta ndama wa huyo ng'ombe amekufa kwa kuharisha. Nikakaa chini na ndoo nikavuta mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuna kitu.

Afisa wa mifugo alikuja kumtazama ndama. Akasema hata nyati wa maziwa wa India hawateremshi maziwa ndama akifa. Nikamwambia nyati ninayemjua ni yule wa msitu wa Mlima Elgon, na sijasikia aliyemkamua akarudi nyumbani. Akacheka, akanionyesha kwa simu: mama mzee kama mimi amechuchumaa kando ya mnyama mweusi mwenye pembe zilizojikunja, na mbele ya huyo mnyama ngozi ya ndama imejazwa nyasi.

"Anadhani anaona ndama wake," akasema.

"Haoni. Ananusa. Hata sisi zamani tulifanya hivyo. Nilikuwa nimesahau."

Nikamwita jirani yangu, yeye ni mchinjaji, amchune yule ndama.

"Kukhu," akaniita, yaani bibi, "unatengeneza ngoma?"

"Toa ngozi. Usikate miguu."

"Si uniambie basi ni ya nini."

"Si nimesema toa ngozi?"

Nikaipaka chumvi kwa ndani, nikaijaza majani makavu ya migomba, nikaishona kwa kamba ya katani. Jioni nikaisimamisha mbele ya ng'ombe. Akanusa kichwa, akashuka mpaka mkia, akaanza kulamba. Akatoa ule mlio wa chini wanaoutoa ng'ombe wakiwa na mtoto. Maziwa yakashuka. Nilikamua tu. Sikufikiria kitu.

Niliyachemsha, yakapoa, nikampelekea mtoto. Akageuza uso. Kijiko kikamwagika shingoni. Mara tatu.

Nguo za mama yake zilikuwa zimeshafuliwa zigawanywe, kama inavyofanywa. Ilibaki leso moja nyuma ya mlango, ile aliyombebea mtoto siku ya mwisho. Waliofua hawakuiona. Mimi niliiona nikaiacha. Sasa nikaichukua, nikamfunga mtoto nayo kifuani kwangu. Akaingiza pua ndani ya kitambaa, akanyamaza. Nikaleta kikombe. Akanywa mpaka chini.

Wifi yangu akaingia.

"Hiyo leso ni ya marehemu! Haijafuliwa!"

"Najua."

"Watu watasema nini, bana?"

"Waseme. Mtoto amekunywa."

Tuliendelea hivyo, ng'ombe na ngozi yake, mtoto na leso yake. Manyoya ya ngozi yaliisha pale ng'ombe alipokuwa akilamba. Asubuhi moja aliinusa, akageukia mabua yake, na maziwa yakashuka vilevile. Nikaitupa ngozi shimoni. Mtoto alichukua muda zaidi. Sasa anashika kikombe mwenyewe, na mashavu yamerudi.

Wifi ameniuliza mara mbili nitaifua lini ile leso. Iko chini ya kitanda, ndani ya ndoo yenye kifuniko, harufu isitoke. Sijaifungua.